Chombo Kisicho na Filimbi

Baba mdogo Othmar alinirushia daftari kifuani.

"Huu wimbo unanitukana, Vitalis."

"Shikamoo kwanza, baba mdogo."

"Marahaba ya nini? Soma!"

Nikasoma kwa sauti:

*Chombo chajua pa kwenda, kapteni katulia,*
*Mkono hajaupinda, kioo aangalia.*

Othmar ni kapteni wa mganda, ngoma yetu ya safu kijijini Litembo, mwaka wa kumi na tisa huu. Bila filimbi yake safu hazigeuki. Na kwenye mganda tusi haliimbwi wazi, hufichwa. Basi alilitafuta, akaliona.

"Ni chombo cha anga," nikasema. "Cha kampuni. Kinapeleka watu wanne kwenye kituo kinachozunguka dunia. Kinaanzia chini ya kituo, kwa sababu aliye chini huzunguka haraka zaidi. Kinakifukuza huku kikipanda kidogo kidogo. Kikikaribia, kompyuta inapima umbali, inawasha vijiinjini, inasogea polepole kuliko mtoto anayetambaa, mpaka kulabu zinajifunga. Kapteni anatazama tu."

"Anatazama tu! Sasa wamempandisha wa nini, mzigo?"

Ubeti wa tatu ulikuwa na jibu. Niliuchana mwenyewe asubuhi ile, maana juzi yake aliniita mshairi wa darasa la saba mbele ya kundi zima, wakacheka.

Nikamrudishia daftari.

"Haya. Jumapili tuko Lipingo. Utaimba, mimi sipulizi. Safu zikigongana, hutungi tena wimbo wa kundi hili mpaka unakufa."

"Sawa," nikajibu.

Jumapili watu wa Lipingo walijaa uwanjani, ziwa nyuma yao. Ngoma kubwa ikalia, vibuyu vya kupuliza vikanguruma. Safu ya nje ilikuwa kituo, ya ndani chombo. Ya ndani ilizunguka njia fupi, ikaipita ya nje, kama nilivyowafundisha. Watu wakashangilia. Nikamtazama Othmar: kaptura nyeupe, filimbi mdomoni, kimya.

Zilibaki hatua chache safu ziungane bega kwa bega. Egidi, wa mbele kwenye chombo, akateleza mchangani. Wa nyuma wakarundikana juu yake. Kituo nacho kikazidi kuja, kikawavaa.

"Litembo!" akapiga kelele mama mmoja, Winifrida. "Mmeleta ngoma au ajali ya bodaboda?"

Uwanja mzima ukacheka. Othmar akaitoa filimbi mdomoni.

"Mashine yako inajua njia," akasema. "Iache iendelee."

Ngoma ilikuwa bado inalia. Wimbo ukifia pale, nami nimekwisha. Ule ubeti ulikuwa kichwani, karatasi tu ndiyo niliyoichana. Nikaimba:

*Chombo kikikosa njia, kapteni huokoa,*
*Kidole chake hutia, hatari akaondoa.*

"Sijasikia," akasema Othmar.

"Umesikia!"

"Rudia. Na Lipingo wasikie."

Nikarudia, nikiwa nimemkazia macho. Wachezaji wakainuka, wakaudaka ubeti, nao wakamwimbia. Hapo ndipo alipopuliza. Mpulizo mmoja: safu zikarudi nyuma hatua nne, zikasimama. Wa pili: zikaja taratibu, mabega yakagusana, zikafunga.

Lipingo waliruka juu.

Tulirudi na Fuso moja, yeye kwa dereva, mimi nyuma na ngoma. Pale Litembo alishuka, akanitupia daftari.

"Ubeti ule uandike," akasema. "Ukiuchana tena, nitakuchana wewe."

"Nitauandika," nikamjibu. "Lakini wimbo ni wangu."

"Na filimbi ni yangu. Toka."