Chokaa ya Nyuma ya Depo

Mvua ikianza kunyesha Alunguli, mtaa wa Kindu kando ya mto, wanawake wengine hukimbiza kuni ndani. Apolline hutoa sufuria nje. Hutia ndizi zilizomenywa, maji na chumvi, hukaza kitenge chake cheusi, kisha huvuka barabara hadi nyuma ya depo ya zamani ya pamba, ambako ardhi huwa imeshaanza kutoa mvuke. Huketisha sufuria udongoni, na kabla hajalowa mgongo ndizi zinatokota. Akishazitwanga zikawa lituma, huwagawia majirani. Mtaa mzima unajua kwamba anayepika ni Onema, mumewe, na kwamba Onema haunguzi chakula.

Onema alikuwa mpiga kasia. Wakati wa vita, mto ulipofungwa na mji ukashinda njaa, yeye na wenzake waliendelea kuvusha mihogo kwa pirogi. Komanda Jérôme, aliyeifanya depo kuwa kambi yake, akasema wanalisha adui. Asubuhi moja wakaitwa kama watu wanaoitwa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, kila mmoja aje na jembe lake. Hayakurudi hata majembe. Komanda hakupenda harufu, kwa hiyo akaamuru magunia ya chokaa yamwagwe juu yao kabla ya udongo. Ilikuwa chokaa ambayo haijazimwa. Mwashi yeyote angemwambia kwamba chokaa hiyo ikikutana na maji huchemka, lakini mwashi wa mtaa naye alikuwa chini pamoja na wenzake.

Chokaa ya kawaida huchemka mara moja, ikapoa, watu wakapaka kuta zao. Hii ilichemka mvua ya kwanza, ikachemka ya pili, na mpaka leo haijachoka.

Apolline hajaondoa matanga. Atayaondoaje, na mtu mwenyewe hakuna anayekubali kwamba amekufa? Anachotaka ni kimoja tu: Jérôme aseme kwa kinywa chake kwamba wanaume wale wako pale. Akisema, ndugu watakaa, watalia, watakula, naye atavua kitenge cheusi. Asiposema, atapika.

Vita vilipokwisha Jérôme aliondoka, akarudi na kitambi na suti, akainunua depo. Alitaka kujenga hoteli. Vibarua wakalalamika kwamba kandambili zinayeyuka wakichimba msingi hadi kwenye udongo wenye unyevu, naye akaamuru ardhi ipozwe. Wakaleta maji ya mto kwa mapipa, wakamwaga. Joto likapanda. Akaamuru maji zaidi. Ulikuwa ukame, wanawake hawakuwa wameuona mvuke ule kwa muda mrefu, basi wakatoka mbio na masufuria, na jioni hiyo Alunguli nzima ilikula sombe, majani ya muhogo yaliyoiva laini, kwa gharama ya Jérôme. Apolline alicheka mpaka akashika mbavu.

Hoteli ikajengwa hata hivyo, ukumbi wake juu ya shimo lenyewe, na nyuma yake kikabaki kipande cha udongo wazi. Sasa inasifiwa kila kona ya Kindu kwa sababu mabomba yake hutoa maji ya moto bila umeme wala makaa. Wageni huoga, hushukuru, hulipa. Jambo hilo linamchoma Apolline kuliko sakafu yenyewe, naye hafichi.

Mvua ya juzi aliingia kwa lango kubwa na sufuria kichwani. Édouard, mlinzi, alimfungulia kama anavyomfungulia siku zote. Akaketi katikati ya ukumbi, akaweka sufuria juu ya vigae. Ndizi zikaanza kutokota. Jérôme akatoka ofisini.

“Mama Apolline, nilikuambiaka. Hapa hakuna muntu. Bale bantu balivukaka muto.”

“Sawa, papa. Basi hizi ndizi, njo nani anazipika?”

“Ni chokaa tu.”

“Nani aliiweka? Na aliiweka juu ya nani?”

Jérôme alihamisha mguu mmoja, kisha mwingine, maana soli za viatu vyake zilikuwa zimeanza kunata. Wageni waliokuwa wakisubiri mvua ipungue walimtazama yeye, kisha wakaitazama sufuria.

“Sema, Komanda,” Apolline alisema. “Neno moja tu, na leo nitavua hii nguo.”

“Balivukaka,” alisema Jérôme, akarudi ofisini, akafunga mlango.

Apolline akatwanga lituma yake bila haraka. Akawapakulia wageni, akampakulia Édouard, kisha akajaza sahani moja na kuiweka mbele ya mlango uliofungwa.

“Kula, Komanda,” alisema kwa sauti iliyofika kila chumba. “Onema njo amepika.”

Akakung'uta kitenge chake cheusi, akabeba sufuria, akaenda zake. Jérôme hajaigusa sahani ile, na hakuna mfanyakazi anayekubali kuiondoa. Wageni huiruka wakipita. Bado ni ya moto.