Kastodiani wa Mto Furua

Damiani alikuwa amevaa koti lake la harusi juu ya suruali iliyokunjwa hadi magotini, maana asubuhi ile alikuwa na kazi mbili: kushuka mtoni kusoma maji, kisha kwenda kuamua kesi ya mpunga. Mkewe Valeria alimtazama kuanzia juu hadi chini, akasema jambo moja tu, kwamba koti na miguu havijafahamiana. Damiani akachukua daftari lake. Mwezi mzima alikuwa hajibu mambo madogo.

Kazi yake kwa miaka sita ilikuwa hii: kila siku saa moja asubuhi anashuka Mto Furua, anautazama ubao wenye namba uliokitwa kando ya kivuko cha ng'ombe, anaandika kwenye daftari maji yamefika wapi, halafu anaituma namba hiyo kwa simu kwa watu wa mradi, Ifakara. Wao huko ndio wanaojumlisha mito yote na kusema mafuriko yanakuja lini. Kijijini hapakuwa na mtu aliyeiona kama kazi. Kwenye mikutano Damiani alikaa nyuma kabisa, na akinyoosha mkono mwenyekiti alidhani anajinyoosha.

Ndipo watu wa mradi walipomletea cheti chenye fremu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na chini yake neno moja la Kiingereza: Custodian. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka kabla mvua haijaharibu barabara. Hakuna aliyewauliza neno lile lina maana gani. Kila mmoja alimngoja mwenzake aonekane mshamba kwanza.

Kwa hiyo ikabidi maana itafutwe palepale. Mwenyekiti Venance alisema bila kusita kwamba ni cheo, tena kimempita diwani kidogo, kwa sababu cheti cha diwani hakina fremu. Katekista alisema linafanana na Kilatini, na Kilatini si cha kuchezea. Beatus wa bodaboda, ambaye aliwahi kulala siku mbili mahabusu, aliapa kwamba neno la ukoo huohuo alilisikia kule ndani, na lilihusu watu kufungiwa. Tangu siku hiyo baadhi ya watu wakawa wanamsalimia Damiani kwa mbali, kwa heshima zote.

Mwenyewe hakujua zaidi yao. Akiulizwa, alikohoa kidogo na kusema, "Ni neno pana." Jibu hilo lilimfaa sana, na neno nalo likaanza kuchapa kazi. Kikao hakikufunguliwa mpaka Kastodiani afike. Harusi ya Sikitu ilitangazwa kwamba imehudhuriwa na Kastodiani na mkewe, na Valeria, ambaye miaka yote alikula sherehe amesimama jikoni, akapewa kiti cha mbele na soda mbili. Wasukuma wenye ng'ombe walikuja kumwomba ruhusa ya kunywesha. Aliwaruhusu, ingawa mto haukuwahi kumkataza mtu. Nisiwafiche, raha aliyoipata Damiani mwezi ule ilikuwa kubwa. Alikuwa analala akitabasamu.

Sasa hiyo kesi. Wiki moja kabla, siku ya Jumanne, ng'ombe waliingia shamba la Rosemery wakati mpunga umeanza kutoa masuke, wakala na kukanyaga robo tatu yake. Rosemery ni mjane, na ekari ile moja ndiyo chakula chake cha mwaka. Alisema ng'ombe ni wa Kija, kwa kuwa alama za kwato zilitokea mtoni, na ng'ambo kuna boma moja tu. Kija, mfugaji mpole aliyehamia bondeni na mifugo yake kutoka Shinyanga, alikana bila kupandisha sauti. Alisema siku hiyo Furua ulikuwa umejaa, ng'ombe wasingevuka, na kwa mvua ile hakuna mwingine aliyekuwa ameshuka kuutazama. Kama watu hawamwamini yeye, basi waamini daftari la Kastodiani.

Mwenyekiti Venance alikuwa ameshalitazama daftari hilo pamoja na Kija mbele ya mashahidi, kabla Kija hajaulizwa neno, akaona kweli mto umejaa, akalirudisha kwa mikono miwili. Hata hivyo alitaka Kastodiani mwenyewe atamke hadharani, ili hukumu iwe na uzito.

Asubuhi hiyo pale mtoni Damiani alilifungua tena daftari kwenye ukurasa uleule. Jumanne: mita moja na sentimita sitini. Kwa maji hayo, yenye kasi ya masika, Kija alikuwa amesalimika.

Tatizo ni kwamba Jumanne ile Damiani hakushuka mtoni. Jumatatu jioni shemeji yake alikuwa ameleta samaki, kitoga mnene, Valeria akampika kwa nazi na wali wa mpunga mpya, na kulipokucha mvua ilikuwa inapiga bati kwa namna inayomwambia mtu alale. Jumapili maji yalikuwa mita moja na hamsini na sita, Jumatatu moja na hamsini na nane. Damiani, akiwa amejifunika blanketi, akaandika sitini. Namba zilikuwa zinapanda kwa adabu, akaona aziache ziendelee. Jumatano alipokuta maji yameshuka hadi magotini, kwa kuwa milimani mvua ilikuwa imekatika tangu Jumatatu, aliona haya kuushusha mto ghafla. Akaushusha polepole kwa siku tatu, mpaka daftari na Furua wakakutana.

Alivaa viatu, akaenda.

Ghala la kijiji lilikuwa limejaa watu, na mbele alikuwa amewekewa meza yenye kitambaa. Mwalimu Aikande wa Kiingereza, aliyerudi jana yake kutoka likizo kwao Moshi, naye alikuwepo. Venance akaona bahati imemwangukia. Kabla ya hukumu, alisema, mwalimu awaeleze wananchi mamlaka ya Kastodiani yanafika wapi, mtu asije akafikiria kukata rufaa.

Mwalimu alikisoma kile cheti, akakirudisha mezani taratibu. "Hapa hakuna mamlaka, Mwenyekiti," alisema. "Ni mtu aliyekabidhiwa kitu cha wenzake akitunze. Inaweza kuwa nyumba, inaweza kuwa mali ya mtoto yatima. Kitu si chake. Wenzake wanalala kwa sababu wanajua yeye yuko macho."

Ghala zima likashusha pumzi. Beatus aliuliza kwa unyonge kuhusu kufungiwa, akaambiwa hakukosea sana, kwa kuwa hata mahabusu anatunzwa, ila hakuombwa ridhaa. Beatus alikaa chini ameridhika. Venance alikuwa amenyong'onyea, lakini kesi ni kesi.

"Basi, Mzee Damiani, ulichotutunzia ni namba. Tusomee ya Jumanne."

Damiani akafungua daftari. Rosemery alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani, akimtazama yeye na si daftari. Kusoma sitini kulikuwa rahisi. Angebaki na meza yenye kitambaa, na Valeria angebaki na kiti chake cha mbele. Namba yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko zote ukurasani. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na koti la harusi likambana ghafla.

"Hapa pameandikwa moja na sitini," alisema. "Lakini Jumanne mimi sikwenda mtoni. Nilikula kitoga, nikalala. Namba hii nimeitunga, na za siku tatu zilizofuata nilizitunga ili zifanane nayo. Dada Rosemery, nisamehe."

Kisha mtu akacheka kule nyuma, na kicheko kikapita safu kwa safu mpaka kikamfikia katekista. Valeria alikuwa ameinamisha kichwa. Venance alipoanza kugonga meza kuomba utulivu, Kija alisimama, akavua kofia.

"Na mimi niseme," alisema. "Siku hiyo maji yalikuwa ya magoti. Nilivukia palepale kwenye ubao wako, mzee, na wanne wakanitoroka. Nilijua utakuwa umeniona. Nikaja kwa Mwenyekiti nimejiandaa kukiri, nikakuta daftari linasema mto umejaa." Akatikisa kichwa. "Nikasema, kumbe huyu mzee ananipenda."

Yaliyobaki hayakuhitaji hakimu. Kija alikubali kutoa magunia kumi ya mpunga mavuno yakiisha, pamoja na ng'ombe wawili wa kulimia msimu ujao. Venance alifunga mkutano bila kumtaja mtu kwa cheo. Damiani alipofika nyumbani aliwaandikia watu wa mradi ujumbe mrefu kuhusu zile siku nne. Hawakujibu, na mpaka kulala hakujua kama bado ana kazi.

Hata hivyo asubuhi alishuka mtoni mapema, bila koti. Alikuta watu saba ukingoni. Hakuna aliyemsalimia kwa mbali wala kwa karibu, kwa kuwa wote walikuwa wanautazama ubao. Rosemery alikuwa amefunga kanga juu, yuko ndani ya maji hadi mapajani, pua yake karibu na namba.

"Sabini na mbili," alisema.

Kija, aliyekuwa ameingia kutokea ng'ambo na fimbo yake, alisema ni sabini na tatu, lile ni wimbi tu. Rosemery akamwambia asogee, miguu yake ndiyo inayoleta mawimbi. Kija akasogea. Damiani alisimama ukingoni, kalamu mkononi, akingoja maji yatulie.