Simu Ilisema Marcella Anakaa Tu

Mke wangu Marcella alichuma kahawa hapa Githongo tangu tuoane, halafu simu ikasema ni mvivu. Na daktari akaamini simu.

Marcella alikuwa na presha. Dawa alikuwa akipewa kwa dispensari yetu, bure, mpaka wakubwa wa huko juu wakaanza kuleta nusu ya ile walikuwa wakileta. Nusu ingine sijui huishia wapi. Wao wanajua, na matumbo yao yanajua. Badala ya dawa wakatuletea semina. Wagonjwa wa presha wakakalishwa kwa viti vya plastiki, wakaambiwa kuna app ya mazoezi, ya bure kabisa, kila mtu aiweke kwa simu yake. App inaona vile unatembea. Ukijituma, inaonyesha kijani. Ukikaa tu, nyekundu. Na kwa vile dawa ni kidogo, wenye kijani watapewa kwanza.

"Serikali haiwezi kumsaidia mtu ambaye hajisaidii," akasema Mwongera, huyo kijana wa koti jeupe tunayemwita daktari.

Watu wakapiga makofi. Soda zilikuwa zinangoja.

Marcella alikuwa na simu nzuri, kijana wetu Kaimenyi alimtumia kutoka Nairobi. Akawekewa hiyo app. Jumatano ya kuchukua dawa ikafika, akafunguliwa simu: nyekundu. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Shida ilikuwa hii. Kwa lile shamba kubwa ambako wanachuma, nyapara hataki simu kati ya miti. Anasema mtu mwenye simu huchuma na mkono mmoja, tena hutupa mbichi na mbivu pamoja. Kwa hivyo asubuhi kila mtu anaweka simu yake kwa ndoo pale langoni, ndoo inafungiwa stoo mpaka kahawa ipimwe jioni. Marcella anapanda mteremko na mzigo mgongoni, anashuka, anapanda tena, na simu yake imelala kwa ndoo na za wenzake. Basi app ikaona na yeye amelala.

Jumatano iliyofuata nilienda naye.

"Mama, hapa unaonekana umekaa siku nzima," Mwongera akasema. Hakumwangalia uso, wala miguu iliyofura. Alikuwa anaangalia simu.

"Nilikuwa nachuma, daktari."

"Kuchuma ni kazi. Sisi tunataka mazoezi."

"Kwani moyo unajua tofauti?" nikauliza.

"Mzee, wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni bwana yake."

"Basi ngojea nje na mabwana wengine."

Sikutoka. Marcella akamweleza habari ya ndoo, polepole, kwa heshima, vile mtu anaongea na mwenye ufunguo. Mwongera akacheka.

"Mama Kaimenyi, kila mtu hapa ana hadithi. Juzi mwingine ameniambia yake ilimezwa na ng'ombe. Mimi natuma chenye simu inasema. Wakubwa wanaona kwa kompyuta huko kwao, si mimi naamua."

Nikaenda kwa nyapara. Nikamwambia amwachie huyo mama simu yake, ni mgonjwa.

"Nikimwachia mmoja," akasema, "kesho wote wanapiga picha na kahawa yangu."

Kahawa yake! Hata mche mmoja hakupanda.

Ndiyo Marcella akaanza kukimbia. Jioni kahawa ikishapimwa, anatoa simu kwa ndoo, anaifunga kiunoni na leso, anaingia barabarani na dada yake Ednah na akina mama wengine wa presha. Vijana wa bodaboda, wanaoita kila mama mzee shosho, wakawa na sinema ya bure.

"Shosho, mwizi ako wapi?"

"Mwizi ako ofisini!" Marcella akawajibu. "Mimi nafukuza dawa."

Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwa pikipiki. Na Marcella alicheka, hata akasimama kidogo kucheka. Lakini alikuwa akifika nyumbani uso umekuwa kama jivu.

"Acha hiyo maneno," nikamwambia. "Pumzika."

"Baba Kaimenyi, nikipumzika, nani atanipa dawa? Wewe?"

Nikamletea maji ya kuosha miguu.

Jumatatu app ilikuwa imegeuka manjano, katikati ya nyekundu na kijani. Alinionyesha akifurahi kama mtoto aliyepita mtihani. "Nikiongeza kidogo kesho, Jumatano napata." Na hiyo kesho kahawa ilikuwa imeiva mingi, walichuma mpaka vidole vikashikana. Bado akaenda kukimbia. Ednah anasema walipofika ile kona ya kupanda kwenda sokoni, Marcella alisema, "Ngojeni nivute pumzi," akakaa kwa nyasi, halafu akalala ubavu. Nilipofika na pikipiki nilipata akina mama wamekaa chini wamemzunguka, na mmoja amemfunika uso na kitambaa chake cha kichwa.

Simu ilikuwa bado kiunoni. Sikuangalia ni rangi gani. Kuna mtu aliniuliza. Kwa mazishi, mtu aliniuliza!

Mwongera alikuja kuzika, na wakubwa wawili, wakapewa kipaza sauti kabla ya ndugu zangu. "Mama alikuwa mpiganaji," mmoja akasema. "Tusife moyo. Tuendelee na mazoezi kwa heshima yake." Neno dawa halikutoka kwa mdomo wa mtu. Nilisimama niongee, pasta akanishika bega, akanikalisha.

Tulizika Jumamosi. Jumanne jioni nikasikia miguu barabarani. Nikatoka, nikasimama katikati, nikapanua mikono. Ednah ndiye alikuwa mbele, mdomo wazi, simu imefura kwa leso. Na yeye alikuwa ameshinda kwa kahawa.

"Ednah, rudi nyumbani."

"Shemeji, toka njiani."

"Juzi tu mmemzika."

"Tumemzika, ndiyo." Alishika magoti, akivuta hewa kwa shida. "Na kesho ni Jumatano. Mimi bado niko nyekundu."

Wale wengine nyuma yake hawakusimama. Walikuwa wanarukaruka hapo hapo, kila mmoja ameshika kiuno chake, simu isije ikaona wamepumzika. Walikuwa wananiangalia, wakiningoja.

Nikatoka njiani.