Ngozi ya Gugumaji

Mwaka wa tisini na saba gugumaji liliziba ufuo wa Karungu hata mashua zikaanza kuoza mchangani. Dorine alitumwa huko na kituo cha utafiti apime uimara wa majani yake. Fukusi, wadudu wadogo wanaotafuna mmea huo, walikuwa wameachiliwa ziwani wayale, na wakubwa wake walitaka kujua ni majani gani yanawashinda kwa ugumu wa ngozi.

Kazi yenyewe ilichosha. Alikaa kwenye veranda ya Phelesia, mama muuza samaki aliyempangisha chumba, akibandua utando wa juu wa jani kwa wembe. Kipande chembamba alikibana juu na chini, akaning'iniza kikopo chini yake, akamimina mchanga humo kidogo kidogo hadi utando ukatike. Kisha aupime mchanga uzito, aanze tena na jani jingine. Majani machanga yalikatika upesi; yaliyokomaa yalivumilia. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha.

Jioni Phelesia alirudi kutoka Sindo, alikolazimika kufuata samaki siku hizo, miguu imemvimba.

"Nyathina, mwanangu, bado unayakata tu?"

"Bado, Mama."

"Na yataisha lini huko majini?"

"Sijui. Mimi napima tu yanavyokatika."

Phelesia akaketi, akachukua jani, akalirarua kwa mikono miwili. "Basi hata mimi nimepima."

Walicheka kidogo. Nguvu ya kucheka zaidi hawakuwa nayo.

Asubuhi moja Dorine aliamshwa na vigelegele. Upepo ulikuwa umegeuka, ukalisukuma gugumaji lote mbali ziwani. Maji matupu yalipiga mchanga, na wavuvi walikuwa wameshaanza kuziba nyufa za mashua. Mimea aliyoifunga utepe mwekundu, akaifuatilia tangu ikichipua, ilikuwa imekwenda na mingine.

Phelesia alimkuta amesimama majini, kandambili mkononi.

"Maji, nyathina! Ona maji!" Halafu akapunguza sauti. "Lakini majani yako..."

Dorine alijaribu kusikitika, akashindwa. Kazi ya miezi imepotea, na wakubwa wangemwambia aanze upya ufuo mwingine. Alichohisi ni usingizi tu.

"Yaende," alisema. "Leo unaenda Sindo?"

"Kufanya nini?"

Dorine akarudi chumbani, akalala na nguo zake. Alipoamka jua lilikuwa limepanda sana. Mezani alikuta ugali na samaki mmoja mdogo, ngege wa kukaanga, amefunikwa kwa sahani. Akanawa mikono, akala polepole, akimsikiliza Phelesia akibishana bei na wavuvi huko chini.