Mkono wa Minza

"Toka hapo, nitakukata kidole!" Minza alifoka, lakini jembe aliliacha juu, halikushuka. Ngosha hakusogea. Alisimama mbele ya miguu yake, mdomo wazi, akilia ile sauti yake ya kukwaruza, sauti ya mtoto aliyedekezwa.

Ngosha si mtu. Ni mumbi, yule ndege mkubwa mweusi wa kutembea chini, ambaye akivuma alfajiri watu wa Sitalike hutazama mawingu. Mwaka jana, wakati wa kusafisha mashamba, Luhende, shemeji yake Minza, aliangusha mninga mkavu bila kuchungulia kwenye pango lake. Kifaranga akadondoka. Wazazi wake na kundi lao walizungukazunguka pale, kisha wakahama. Minza, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa kimya kupita kiasi, akamtia kifaranga kwenye ndoo akaenda naye nyumbani.

Alimlea vizuri, na hapo ndipo alipokosea. Panzi alimkamatia, mabuu alimchimbulia, mijusi alimkatakatia. Jirani akitaka kumrushia kitu, alifukuzwa: "Nyie mwacheni! Atazoea mikono ya kila mtu." Sasa Ngosha alikuwa amefikisha mwaka, ana mdomo wa kuulia nyoka, na hajawahi kuchimbua hata mdudu mmoja. Alijua jambo moja tu hapa duniani, kufungua mdomo mbele ya Minza.

Juzi Apolinari, askari wa wanyamapori, alifika uani kwake akavua kofia.

"Mama, mumbi halelewi na mmoja," alisema. "Baba, mama, kaka zake waliotangulia, wote wanamlisha, wote anawafuata. Ndivyo anavyojifunza. Kuna kundi kule mtoni. Asipojiunga nalo mvua hizi, itabidi akakae bandani huko mjini Mpanda mpaka afe."

"Kwani kwangu anakosa nini?"

"Hakosi kitu. Na wewe ukiondoka duniani, mama?"

Minza alimvuta Ngosha karibu na miguu yake. Swali lilimuuma kwa sababu lilikuwa la kweli.

Ndiyo maana leo alikuwa ameomba kulimiwa. Tangu afiwe na mumewe alijitoa kwenye zamu za kulimiana, hakutaka kuonewa huruma. Lakini jembe lake peke yake halikuwahi kumwita mumbi yeyote. Wakilima wengi, udongo hugeuka eneo kubwa kwa mara moja, mabuu hufichuka, na watu wakienda kula, ndege hushuka. Wenzake walikuja wote, ngoma mbele, majembe yakapanda na kushuka kwa mpigo mmoja.

"Umetukumbuka mwenyewe, shemeji," Luhende alimtania. "Si nilikuambia? Mkono mmoja haulei mwana."

"Wewe uliyeangusha mti ndiwe unifundishe kulea?"

Watu wakacheka. Minza naye akacheka, huku akitupia jicho ukingo wa shamba.

Ugali ulipoiva wakajitenga kivulini. Haukupita muda kundi likajitokeza ukingoni mwa shamba, weusi, makoo mekundu, wakitembea kwa safu na kudonoa. Ngosha aliwaona. Akawakimbilia, akafika katikati ya shamba, akasita. Kisha akageuka, akarudi mbio kwa Minza na kufungua mdomo.

Minza alikuwa na buu mkononi. Alikuwa amemchimbua kwa mazoea tu, bila hata kufikiri. Akafumba kiganja.

"Sina," akasema.

Ngosha akalia. Akamdonoa goti, akalia tena. Minza alimpenda ndege yule kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu. Akampa mgongo, akakaza macho kwenye sahani ya ugali, na ugali wenyewe hakuuona vizuri.

"Usigeuke, shemeji," Luhende alinong'ona. "Anaenda."

Kilio kikasogea mbali.

"Wamemzunguka. Yule dume anamfukuza." Luhende alinyoosha shingo. "Amekimbia. Hapana, amerudi. Anafungua mdomo."

"Mbele ya nani?"

"Ya kijana wao mmoja, bado koo halijaiva wekundu. Ana kitu mdomoni. Anamtazama tu."

Kilio kiliendelea, kikapanda, kikakwaruza shamba zima. Halafu kikakatika ghafla.

Minza aliujua ukimya ule. Mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa akiuleta. Hakugeuka. Ndani ya kiganja chake, buu alikuwa bado anajinyonganyonga.