Jibu Lililokwama

Kiduara kilizunguka katikati ya kioo cha kompyuta kama inzi aliyetumbukia kwenye maziwa. Mama mshona mapazia alikitazama, akainuka, akanyoosha pazia lisilo na mkunjo, akaketi, akainuka tena.

Juzi alasiri alikuwa amemjibu fundi miwani, mjane mwenzake aliyehamia mji mwingine, ambaye kwa uzito wa mdomo alimposa kwa barua pepe. Jibu lilikuwa fupi: "Nimekubali. Njoo kabla sijapata akili." Alipobonyeza kutuma tu, kompyuta ikaomba kujisasisha, naye kwa adabu akairuhusu. Tangu hapo programu ya barua hufunguka nusu, ikazimia.

Mwanzoni alishukuru. Mwenye haya hupenda mlango ujifunge wenyewe. Lakini jana alianza kujiuliza: mzee wa watu anangoja, au keshanuna?

Ndipo akamwita mwanawe, fundi wa kompyuta za maofisini, bila kumwambia lililomo. Kijana huyu, tangu baba yake afariki, hakukubali hata viatu vya marehemu vihamishwe mlangoni.

"Sasisho limegombana na faili la barua zako," alisema mwanawe. Alikwisha kuizima kompyuta na kuiwasha, kuifungua programu ya barua bila viongezo vyake, hata kuliondoa sasisho lenyewe. Wapi.

"Wapatanishe basi."

"Hawa hawasikii wazee, mama. Imebaki kuiondoa akaunti na kuiweka upya. Barua za zamani zitarudi zenyewe, zimehifadhiwa kwenye mtandao. Ila ipo moja haijatoka. Hiyo itapotea."

"Ipotee."

Mkono wa kijana ukakishika kipanya cha kompyuta.

"Ngoja kwanza."

"Si utaandika nyingine?"

Angeandika nini? Alijijua. Neno lile lilimponyoka siku ambayo ujasiri ulipita mlangoni kwake ukasahau njia. Akikaa kulitunga upya, angeuliza hali ya hewa na kumtakia mzee afya njema.

"Haiokoleki?"

"Naweza kuinakili. Lakini lazima niifungue."

Mama akageukia dirisha. "Ifungue."

Akasikia mbofyo mmoja. Akahesabu pindo za pazia, akapotea, akaanza upya.

"Fundi miwani?"

"Ndiye."

"Yule aliyefunga miwani yake kwa kamba?"

"Mganga hajigangi, mwanangu."

Kijana hakucheka. Vidole vyake vikaanza kazi, vizito. Akaunti ikaondoka, ikarudi. Ikadai nywila, mama akaitaja kwa sauti ndogo. Barua za zamani zikamiminika, matangazo ya vitambaa na salamu za watu waliokwisha kununa. Mwisho akaibandika ile moja mahali pake.

"Umeandika 'kabla sijapata akili'. Niache hivyo?"

"Usiguse hata nukta."

Akaondoa mkono kwenye kipanya, akasogeza kiti pembeni kidogo tu, nafasi ya kupita mkono wa mtu, si mwili mzima. Mama akainama juu ya bega lake, akabonyeza.

Chini ya kioo yakatokea maandishi madogo: Inatuma. Wakabaki hivyo, bega kwa kidevu, wakiyatazama, wala hakuna aliyemtazama mwenzake.