Mguu wa Kushoto

"Nimekufa!" wifi alipiga ukelele kutoka kwenye godoro lililotandikwa ndani ya gari. "Angekuwa kaka yangu hapa, ungeshamkata vipande viwili!"

Gari lilikuwa limeruka mbele, likajitikisa kama mbuzi anayekataa kamba, kisha likazimika katikati ya ua. Fundi alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili, mgongo umelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado ya baridi. Kutoka dirisha la chumba cha kulala sauti ya mumewe ikafika, tulivu, sauti ya mtu aliyelala chali asiyeona kitu ila dari.

"Umeachia klachi yote kwa mkupuo, Fundi. Anza tena."

Mumewe alimwita Fundi tangu walipooana kwa sababu alikuwa mshonaji, naye akamwita Dereva kwa sababu kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule. Wazazi wa wanafunzi walikuwa wakimtania kwamba anawarudishia watoto wamelala fofofo, maana basi lake halikujua kushtuka. Sasa dereva huyo alikuwa na vyuma kwenye uti wa mgongo. Alianguka kutoka juu ya paa akiziba bati linalovuja, madaktari wakaifunga mifupa yake kwa skrubu, wakamwambia mkewe neno moja ambalo halikumtoka tena kichwani: asitikiswe.

Akatikiswa siku ile ile ya kutoka hospitali. Teksi waliyopanda ilikuwa ya kijana mwenye haraka zake. Ililiparamia tuta bila kupunguza mwendo, na Dereva akatoa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Tangu hapo vidole vya mguu wake wa kushoto vikawa vizito. Ukimwambia avichezeshe, vinajifikiria kwanza. Daktari aliagiza arudishwe baada ya miezi miwili, aone kama vinaamka au ndiyo vinakufa moja kwa moja. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina hata gurudumu. Na kuhusu teksi, Dereva alitoa neno lake la mwisho: "Sipandi tena gari la mtu nisiyeujua mguu wake."

Mguu aliokuwa anaujua ni wa mkewe. Basi Fundi, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, akaenda shule ya udereva, akahangaika, akapata leseni. Mwalimu wake alikuwa mtu wa kuridhika upesi: gari likiondoka na lisimuue mtu, umefaulu. Lakini gari kuondoka ni jambo moja, na kuondoka bila mgonjwa kujua kwamba limeondoka ni jambo jingine kabisa.

Gari lao lilikuwa dogo, la zamani, la gia za mkono. Seremala jirani alikuwa ameking'oa kiti cha mbele cha abiria, akalaza ubao mrefu kutoka nyuma hadi mbele, na juu ya ubao wakatandika godoro. Mgonjwa angelala kichwa nyuma, miguu mbele, kando ya gia. Kwa kuwa mgonjwa mwenyewe si wa kufanyiwa majaribio, wifi alijitolea. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mdomo usio na breki, na kazi hiyo ilimfaa kuliko zote: alale, ahisi, alalamike.

Fundi akawasha tena. Gari likanguruma, likaruka, likazimika.

"Wifi yako anasemaje?" Dereva akauliza dirishani.

"Wifi anasema tumbo limehamia kifuani!"

Fundi alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Aliogopa. Aliogopa akichemsha chai, aliogopa akitunga uzi kwenye sindano, na akifumba macho tu aliuona ubao ule na mumewe juu yake, na mguu wake yeye, mguu huu huu wenye gaga kisiginoni, ukiachia klachi, na kitu fulani mgongoni kwa mumewe kikikatika. Yule wa teksi alikuwa mtu baki, na mtu baki unaweza kumlaani ukalala. Yeye angemlaani nani?

"Fundi," Dereva akaita. "Ukikanyaga klachi, mguu wa kulia unafanya nini?"

Akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kanyagio la mafuta, umekandamiza sambamba na mwenzake.

"Unakanyaga," alisema kwa aibu.

"Nasikia. Injini inapiga kelele za bure. Wewe unashona." Akavuta pumzi kwa uangalifu. "Maisha yako yote umekanyaga cherehani, miguu miwili kwenye kanyagio moja. Mmoja ukienda, wa pili haubaki. Hapa kila mguu una kwake. Vua viatu. Huo wa kulia uweke kando kabisa, usiguse kitu. Inua klachi peke yake mpaka gari likusogeze lenyewe."

Fundi akavua viatu. Akauinua mguu wa kushoto kidogo, akangoja, akauinua tena kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayechomoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Mlio wa injini ukashuka, ukawa mzito. Pua ya gari ikainuka kidogo tu. Chini ya unyayo mtupu akahisi mtetemo, kitu kinachoshika, akausimamisha mguu hapo hapo. Gari likaanza kutambaa. Likapita ndoo, likapita beseni la nguo, likafika karibu na ukuta, naye akalisimamisha bado haamini.

"Tunaondoka saa ngapi?" wifi akauliza.

Dirishani Dereva aliangua kicheko, kisha akakikatisha ghafla kwa sababu mgongo haukutaka.

Tangu siku hiyo walihama uani, wakaingia barabarani. Wifi alilazwa kwenye godoro lile asubuhi baada ya asubuhi, akizurura mji mzima akitazama juu, na alipofika nyumbani alimweleza kaka yake kila kitu: gia ya pili ililalamika wapi, tuta gani lilipandwa vizuri, breki ipi ilimtupa. Dereva alisikiliza, akarekebisha, akarudia. Fundi alijifunza kutochomeka gia kwa hasira, kulisikiliza gari linapoomba gia nyingine, kuanza kufunga breki mapema na kuilegeza kidogo kabla gari halijasimama kabisa. Kitu kimoja hakikupona. Akishtuka, miguu yake miwili ilikwenda pamoja.

Siku ya hospitali ilifika kabla hajawa tayari, na hata ingesubiri mwaka mzima isingemkuta tayari. Wifi alitangulia alfajiri kushika foleni. Majirani wakambeba Dereva pamoja na ubao wake, wakamwingiza taratibu, wakaufunga ubao kwa mikanda na kusogea pembeni wakiwa kimya, jambo ambalo lilimtisha Fundi zaidi. Miguu ya mumewe, iliyofunikwa shuka, ilikuwa sasa karibu na mkono wake wa gia. Uso wake ulikuwa nyuma kabisa, hauonekani bila kugeuka.

"Fundi," Dereva alisema.

"Abee."

"Sijawahi kupanda gari nikiwa sioni barabara. Naogopa."

Alitamani asingeambiwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. "Hata mimi," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Basi tuko wawili. Washa."

Waliondoka vizuri. Dereva alizisoma gia kwa masikio: "Ya pili. Iache ichangamke. Haya, ya tatu." Chini ya shuka mguu wake wa kulia ulikuwa ukifunga breki pamoja na mkewe, kila tuta, kila kona, mazoea ya mtu wa usukani. Fundi aliuona kwa pembe ya jicho, ukampa moyo. Kisha akagundua jambo ambalo asingependa kuligundua. Kila alipobadili gia, mguu wa kushoto wa Dereva ungepaswa kukanyaga klachi yake ya hewani. Haukutikisika hata mara moja.

Mlima wa hospitali ulikuwa mkali, na katikati yake askari wa barabarani akanyoosha mkono: simama. Fundi akasimama, akavuta breki ya mkono. Kwenye kioo akaona lori likija nyuma yake, likizidi kukua hadi likajaza kioo kizima. Askari akapunga mkono, lori likapiga honi ya kumtoa nyoka pangoni, na miguu ya Fundi ikaenda pamoja.

Gari likaruka. Likazimika.

Nyuma hakukuwa na sauti yoyote.

"Dereva?"

Kimya. Honi ikapigwa tena.

"Baba! Nijibu basi!"

Aliitazama miguu. Mguu wa kulia nao ulikuwa umetulia. Hofu ikamshika, kweli kweli, hofu ya kutaka kufungua mlango na kukimbia ateremke mlima mzima miguu mitupu, amwachie gari yeyote anayelitaka. Lakini akigeuka kumtazama mumewe, angeshtuka tena, na miguu ingekwenda pamoja. Akifungua mlango, lori lingekuwa hapo hapo. Palikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa juu.

Akaliwasha. Akajisemea mwenyewe kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kumwambia: "Wa kulia ungoje." Akainua wa kushoto. Mlio ukashuka, pua ya gari ikainuka, mtetemo ukafika unyayoni, akaushika hapo. "Sasa wa kulia, kidogo." Akaishusha breki ya mkono. Gari halikurudi nyuma wala halikuruka. Liliondoka kama maji yanavyojaa kwenye sufuria, huoni yameanza lini. Honi ikakoma.

Aliendesha hadi kwenye lango akilia bila sauti, akabadili gia bila mlio, akasimama mbele ya mlango wa wagonjwa bila mshtuko wowote. Hapo ndipo alipogeuka.

Dereva alikuwa macho. Alikuwa ameing'ata pembe ya shuka, ameijaza mdomoni mpaka mashavu yamevimba, na machozi yalikuwa yamemteremkia masikioni. Aliitoa polepole.

"Mbona hukunijibu?" Fundi alifoka, na papo hapo akajuta kufoka. "Nilidhani umekufa!"

"Iliniuma," alisema. "Ningefungua mdomo ningepiga kelele. Ningepiga kelele ungeshtuka, miguu yako naijua."

Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu, wifi nyuma yao akiwagombeza wasikimbie nacho, na wote wakaingia ndani.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Aliifunua shuka, akaipitisha ncha ya kalamu kwenye nyayo za Dereva, akakunja uso kwa namna isiyosomeka. Wifi alishika bega la kaka yake. Fundi alisimama upande wa miguu. Viatu alikuwa amevisahau garini, na sakafu ilikuwa baridi.

"Chezesha wa kulia," daktari alisema.

Vidole vya kulia vikacheza.

"Vizuri. Wa kushoto."

Dereva alifumba macho. Mshipa ukamtoka kwenye paji la uso. Vidole vya kushoto vilikaa vile vile, vyeupe kwa poda aliyopakwa asubuhi, na daktari hakumharakisha. Fundi alihisi mguu wake mwenyewe wa kushoto umekandamiza sakafu kwa nguvu zote, hakujua tangu saa ngapi. Aliona kidole gumba cha mumewe, akakishikilia kwa macho, na taratibu sana, bila kupumua, akaanza kuuinua mguu wake kama anayeachia klachi, akingoja kidole kile kimfuate.